Aliyesimama Nyuma ya Rubani

Mchoraji alipofungua chumba chake pale ofisini kwa jarida, alipokewa na harufu ya manyoya yaliyoungua. Akadhani ni nyaya za umeme. Picha aliyoimaliza jana ilikuwa mahali pake: rubani maarufu akiwa na miaka saba, amesimama juu ya paa la bati, amejifunga mabawa ya maboksi. Ila begani mwa mtoto palikuwa na mkono mwembamba, wenye vidole virefu kupita kiasi.

Hakuuchora yeye. Akaufunika kwa rangi ya anga. Kufika saa sita ulikuwa umerudi, na kiwiko kimeanza kuonekana.

Alasiri rubani mwenyewe, mama wa makamo asiyeishiwa utani, alikuja kuitazama. "Haya mwanangu, umeninenepesha kiasi gani?" Kisha akauona ule mkono, akaketi sakafuni.

"Nani kakwambia habari zake?" akanong'ona.

"Za nani, mama?"

"Siku ile niliteleza paani. Kitu kikanidaka hewani. Kikasema kuna siku kitakuja kunichukua, nami nikakiitikia. Nilikuwa mtoto. Nimehama nyumba kumi na moja ili kisinione."

Wakamwita mganga, mzee aliyezoea kuwafokea majini kama watoto watundu. Alisoma, akafukiza, kisha akaanza kukusanya vitu vyake taratibu.

"Angekuwa ametumwa, ningemrudisha," alisema bila kumtazama rubani. "Huyu aliitikiwa. Mimi sina la kumwambia."

Wakaichoma picha uani, na ilipokuwa ikijikunja motoni mchoraji alisikia juu ya paa la ofisi nyayo zikitembea polepole, bati likibonyea na kurudi, zikawafuata walipoingia korido, zikasimama waliposimama, naye akauficha mkono wake wa kulia mfukoni, kwa maana ndio uliochora picha iliyokionyesha kitu kile mahali alipo yule mama.

"Kesho usiruke, mama," alisema hatimaye.

"Huku chini kimeshanijua. Labda huko juu nitakitangulia."

Kesho yake mchana mchoraji alikuwa kiwanjani. Aliiona ndege ndogo ya yule mama ikirudi, ikatua vizuri, ikajipeleka mpaka mahali pake na kuzima injini. Mafundi wakafungua mlango, wakarudi nyuma. Mchoraji akasogea, akachungulia.

Mkanda ulikuwa umefungwa kwenye kiti kitupu. Akakigusa kiti. Kilikuwa bado na joto.