Miiba ya Kitoga

Kitambuamfupa kilitambaa ukingoni mwa mto Kilombero kwa miguu yake sita, kikiudonoa udongo mgumu kwa mdomo wa chuma, kama kuku. Kila kilipopata mfupa wa samaki, kiliumulika kwa mwale wa kijani, kikataja jina na umri wake, kisha kikatuma habari papo hapo kwa Baraza la Ardhi, jijini. Kazi iliyowachukua wataalamu wa zamani miezi, chenyewe kiliimaliza kwa pumzi moja.

"Kitoga," kilisema. "Mwiba wa pezi. Kisukuku. Umri, miaka milioni mbili."

Dakta Akwilina Lihami alifumba macho akamshukuru Mungu. Huo ulikuwa mfupa wa arobaini. Sheria ilisema wazi: penye visukuku, mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe, hapajengwi. Basi uwanja wa kurushia vyombo vya angani, uliokwisha kuchorewa mipaka juu ya kijiji chao, ungepelekwa kwingine, na Shangazi Skolastika aliyemlea angezeekea nyumbani kwake. Baraza lilitoa siku tatu za kuthibitisha, na hii ilikuwa ya mwisho.

Shangazi mwenyewe huyo akaja na chupa ya chai, akichechemea juu ya ukingo mgumu. Mto ulipogeuzwa kupelekwa viwandani, miaka thelathini iliyopita, wahandisi waliumwagia ukingo vijidudu vya saruji, ambavyo hugeuza udongo na vyote vilivyomo kuwa jiwe, usije ukaporomoka. Tangu hapo hata jembe haliingii.

"Nyie wasomi mnahangaika na nini?" aliuliza, akaokota mfupa mmoja. Aliupangusa kwa kanga, akacheka. "Loo, mwanangu. Huu si wa mama yangu huu?"

"Shangazi, weka chini. Tunywe chai kwanza."

"Chai nini. Tazama ulivyovunjwa, chini kabisa, kwa kuzungushwa. Kitoga akitoka wavuni, mwiba huvunjwa kabla hajatiwa kapuni, usije ukamchoma mbebaji. Wengine walivunja katikati, mijitu mivivu hiyo. Mama alizungusha hivi, kwa mkono wa kushoto. Hapahapa ndipo tulipokuwa tukiwapasua."

"Shangazi, nakuomba," Akwilina alinong'ona, akimkonyeza kwamba mtambo unasikia. Lakini mdomo ulikwisha kuponza kichwa.

"Maelezo ya shahidi yamepokewa," kilisema Kitambuamfupa. Mwale ukapita mfupa baada ya mfupa. "Mivunjiko arobaini. Mkono wa binadamu, wa kushoto. Jiwe limetokana na vijidudu vya saruji. Si visukuku. Umri, miaka hamsini."

"Futa," Akwilina alisema. "Subiri. Futa."

"Taarifa imetumwa."

Shangazi alikuwa akipiga makofi taratibu, machozi yakimlengalenga. "Kumbe kina akili kijidude hiki. Kimemjua mama."

Akwilina aliketi chini. Mivunjiko ile aliitambua tangu siku ya kwanza, maana bibi, mama yake Shangazi, ndiye aliyemfundisha kuvunja miiba. Akanyamaza, asimwambie mtu, hata Shangazi. Hapo ndipo alipokosea. Samaki wa miaka milioni mbili alikuwa na sheria ya kumlinda. Watu waliomla mwenzake miaka hamsini iliyopita hawakuwa na kifungu hata kimoja.

Shangazi alimmiminia chai. "Sasa wakijua pahala hapa ni petu tangu enzi za mama," alisema, "hawatatuhamisha tena, au siyo?"

Akwilina alipokea kikombe. Chai ilikuwa ya moto sana, naye akainywa hivyohivyo.