Jibu Lisilo na Wino Mwekundu

Stendi ilifurika watu na mizigo, na juu ya zogo lote ikapaa sauti ya mtangazaji. Kiswahili alikimimina kama asali. Alipogeukia Kiingereza tu, mlango wa kibanda chake ukagongwa.

"Samahani, dada. Umewaambia abiria wasilegeze tiketi zao. Nadhani ulitaka wasizipoteze. Usijali, Kiingereza kina maneno mapacha, wengi huyachanganya."

Alikuwa mwalimu, mwenye miwani na shati jeupe. Kalamu nyekundu ilikuwa imemvujia mfukoni, utadhani kachomwa mshale moyoni.

"Na basi lako je, Mwalimu?"

"Limeniacha nikipanda ngazi za kibanda chako."

Binti alicheka mpaka akasahau kuzima kipaza sauti. Stendi nzima ikacheka naye.

Tangu hapo kila jioni walikaa benchi moja, chai mkononi, Mwalimu akimfundisha vitenzi vya Kiingereza vinavyobadili nguo kwa wakati: vazi la leo, vazi la jana, na la tatu la kutokea na wasindikizaji wake.

"Kitenzi kinanishinda mimi kwa nguo!"

"Kwa wingi, labda. Kwa kupendeza, hakithubutu."

Msimamizi alipompima, binti alifaulu. Akakabidhiwa matangazo yote ya Kiingereza, na siku ya kwanza alivaa gauni la kijani, beji kifuani ikimeremeta. Mama yake alikuja kusikiliza, akasimama katikati ya stendi kifua mbele.

"Sielewi neno, mwanangu, lakini unasikika kama unawagombeza mawaziri!"

Mchana ule binti alimwandikia Mwalimu ujumbe kwa Kiingereza, peke yake, chakula kikipoa: amemchagua yeye, kama naye amemchagua, aseme. Akabonyeza kutuma kwa fahari.

Jibu likaja upesi. Kitenzi kimevaa nguo ya jana mahali pa nguo ya tatu. Akikibadili, sentensi itakuwa safi kabisa. Hongera!

Basi. Hakuna lingine.

Jioni simu ikalia weee, mwishowe akapokea.

"Mpenzi, mbona kimya?"

"Namba unayopiga imechoka kusahihishwa."

"Jamani! Nilidhani unafanya zoezi!"

"Mimi si daftari lako, Mwalimu. Nimekupa moyo, umenirudishia maksi."

Akakata. Simu zilizofuata hakuzigusa. Kulia, alilia nyumbani. Stendi ilipata sauti ileile, kidevu juu.

Jumamosi moja mlango ukagongwa. Mwalimu alisimama pale, shati safi, mfuko mtupu.

"Umekuja kusahihisha?"

"Nimekuja kujibu. Uliniuliza, sikujibu."

"Na kalamu?"

"Kainyang'anya dada yangu. Kasema nikirudi bila wifi yake, nisiidai."

Midomo ya binti ilitaka kucheka, akaikatalia. Aliwasha kipaza sauti, akaitangazia stendi kwa Kiingereza: mwalimu mwenye shati safi anaombwa aseme mbele ya watu kama amemchagua mtangazaji. Kitenzi akakivika makusudi nguo ileile mbovu ya siku ile, akakikaza, pua juu.

Mkono wa Mwalimu ukaenda mfukoni, ukakuta pengo, ukarudi. Akainamia kipaza sauti.

"Nimemchagua. Na akinikubali, naja kwao na wazee wangu."

Chini vigelegele vikalipuka. Madereva wakapiga honi.

"Kosa hukulisikia?" binti akanong'ona.

"Kosa gani?" Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye miwani.

"Mwongo mkubwa wewe!" Akacheka hatimaye, akamfuta uso kwa kiganja.

Kisha akajiweka sawa kitini, beji mbele, akatangaza kwa Kiingereza kwamba mtangazaji amekubali. Kila kitenzi kilitoka kimevaa kikapendeza. Akamalizia kwa Kiswahili:

"Abiria, basi linaondoka sasa hivi. Mwalimu hapandi."