Daftari la Chungu cha Chuma

Kila siku Vumilia alipotoka shuleni alipitia bombani, akajaza ndoo ndogo ya maji, kisha akaelekea mwaloni. Mwalo ni mahali ambapo wachimbaji wadogo wa Rwamgasa huosha mchanga wao kutafuta dhahabu. Pembeni ya mwalo, chini ya turubai la bluu, ndipo mama yake, Scolastika, alipofanyia kazi. Hakuwa mchimbaji. Kazi yake ilikuwa kuchoma.

Wachimbaji walichanganya mchanga na zebaki, ile metali ya majimaji inayonasa chembe za dhahabu. Kidonge cha kijivu kilichopatikana walimpelekea Scolastika. Yeye alikiweka kwenye kijiko cha chuma juu ya jiko la mkaa. Zebaki iligeuka mvuke na kupaa, dhahabu ikabaki ikimeremeta. Muda wote huo mwenye mali alisimama pale pale, amekodoa macho. Ndiyo desturi ya mwaloni: dhahabu yako haitoki machoni pako hata kidogo.

Lakini mvuke ule haukupotea wote angani. Mwingine uliingia kifuani mwa Scolastika, siku baada ya siku, na sasa ulikuwa mwaka wa pili mikono yake inatetemeka. Hakuweza tena kutunga uzi kwenye sindano. Asubuhi ni Vumilia aliyemfunga vifungo mdogo wake, Luka, kwa sababu vidole vya mama vilivikosa.

Siku moja alikuja dada mmoja mwenye kofia pana na viatu vilivyojaa vumbi. Aliitwa Aneth, mtafiti kutoka chuo kikuu. Alikuwa amebeba chungu cha chuma chenye kifuniko cha kubana na bomba refu lililopinda.

"Shikamoo, Mama Vumilia."

"Marahaba, mwanangu. Hicho nacho ni cha kupikia pombe?"

Aneth alicheka. "Ni cha kuchomea dhahabu, mama. Mvuke wote unapita kwenye bomba, unapoa na kutonea kwenye beseni la maji. Huvuti zebaki, na zebaki yenyewe unaipata tena."

Scolastika alikigusa kwa mikono inayotetemeka. "Kama ni kweli, wabeja sana," alishukuru kwa Kisukuma.

Aneth alimgeukia Vumilia, akampa daftari jipya. "Wewe uko darasa la sita, unaandika vizuri. Utakaa mbali na moto, upande upepo unakotokea. Kila mteja akija, andika tarehe na jina lake. Chungu kikitumika weka alama ya vema. Kisipotumika weka alama ya kosa, na uandike sababu."

"Na mwisho wake, dada?"

"Baada ya mwezi mmoja nalipeleka chuoni, mbele ya kamati." Aneth alishusha sauti. "Chuoni kwetu kuna stoo imejaa vitu vizuri, Vumilia. Kuna kikaushio cha viazi, kuna pampu ya kukanyaga kwa miguu. Vilibuniwa, vikaandikiwa ripoti, vikafungiwa humo. Hakuna mtu aliyevitengeneza akaviuza, basi havikumfikia mkulima hata mmoja. Sitaki chungu hiki kiende kukaa navyo."

Kesho yake mteja wa kwanza alikuwa Maduhu, mchimbaji mwenye sauti kubwa na shingo nene. Alipoona kidonge chake kinaingia chunguni na kifuniko kinataka kufungwa, aliruka.

"Toa! Toa upesi, Mama Vumilia! Dhahabu yangu unaifungia gizani?"

"Inatoka yote, Maduhu. Tumeonyeshwa."

"Mimi nimekaa shimoni siku tisa. Siwezi kuifumbia macho dakika moja. Huko ndani nani anajua inabaki wapi? Kama hutaki kijiko, naenda kwa mwingine."

Mama alirudisha kijiko. Angefanyaje? Mteja akiondoka, Luka hali. Vumilia akaandika: *Maduhu. Kosa. Hataki kufungiwa dhahabu.* Aliyefuata alikataa vilevile. Wa tatu pia. Kufikia mwisho wa wiki ya kwanza, chungu kilikuwa kimekaliwa na kuku wa jirani.

Shuleni, Kalisti, aliyekaa naye dawati moja, hakukosa la kusema. "Mtafiti mkuu! Leo umetafiti mayai mangapi?" Darasa zima likacheka.

Jioni ile Vumilia alifungua daftari akaona ukurasa umejaa alama za kosa. Akamtazama mama yake akijaribu kumimina uji, nusu kikombeni, nusu mezani. Akafikiri: kamati ikiona makosa haya, chungu kitaenda stoo. Lakini ikiona vema, vitatengenezwa vyungu vingi, kila mchomaji atakuwa nacho, na wateja hawatakuwa na pa kukimbilia. Mama atapona. Alichana ukurasa ule, akauficha chini ya godoro. Akaanza ukurasa mpya. Vema. Vema. Vema. Na sehemu ya maoni akaandika: *Wateja wamekipenda sana.*

Mwezi ulipoisha Aneth alikuja nyumbani kwa kina Vumilia, na safari hii aliongozana na fundi Masele, mchomeleaji wa vyuma ambaye karakana yake ipo karibu na gulio. Scolastika alikuwa amekwenda kununua mkaa. Aneth alipekua daftari, uso wake ukang'aa.

"Fundi, tazama! Alama thelathini na moja za vema, hakuna kosa hata moja!"

Masele hakujua kusoma vizuri, lakini aliupitishia ukurasa kidole polepole kama mtu anayepapasa kitambaa dukani.

"Basi imekwisha," alisema. "Kamati ikiliona hili, chuo kitanipa mchoro, mimi nitengeneze na niuze. Gulio la Jumamosi nawapeleka wale maksai wangu wawili. Nitanunua mabomba ya vyungu hamsini."

"Maksai unaowalimia, fundi?" Vumilia aliuliza.

"Hao hao. Mke wangu ananiita kichaa." Alicheka. "Lakini daftari halidanganyi. Wateja wakiwepo, hata trekta nitanunua."

Vumilia aliviona akilini vyungu hamsini vimepangwa nje ya karakana, juu ya kila kimoja kuku ametaga, na fundi Masele ameshika jembe la mkono katikati ya shamba. Aliingia ndani mbio. Aneth na Masele walitazamana. Alitoka na karatasi iliyokunjamana.

"Fundi, usiuze maksai," alisema, na machozi yalikuwa yameshaanza. "Daftari linadanganya. Mimi ndiye niliyelidanganya. Kweli ni hii hapa."

Masele alivua kofia yake, akaivaa tena. "Binti, ungenilaza njaa."

"Nisamehe, fundi. Nilitaka mama apone."

Aneth alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alionekana kama mtu aliyepigwa. Aliusoma ukurasa uliochanwa mara moja, kisha mara ya pili, na mara ya pili alisoma taratibu zaidi. "*Hataki kufungiwa dhahabu. Anataka kuona. Anasema gizani kuna wizi. Anataka kuona,*" alisoma kwa sauti. "Vumilia, hawa wote wamesema neno moja."

Wakati huo Scolastika alikuwa amerudi na gunia lake la mkaa. Alisikiliza yote, akamtazama binti yake kwa huzuni, kisha akawaambia wageni, "Mlimuuliza mtoto, mimi hamkuniuliza. Chungu chenu hakina ubaya. Zebaki inanaswa. Ila mmekitengeneza bila dirisha. Mwaloni mtu hamwamini hata ndugu yake kama dhahabu haionekani."

"Dirisha," Aneth alirudia. Alisimama ghafla. "Mama, chuoni tuna vioo vya maabara. Havipasuki kwa moto!"

"Leta," alisema Masele. "Kutoboa kifuniko ni kazi ya dakika kumi."

Haikuwa ya dakika kumi. Kioo cha kwanza kiliingia ukungu wa kijivu wa zebaki, kikawa hakionyeshi kitu. Masele alikikuna kichwa chake siku mbili. Kisha alikipandisha kioo juu ya shingo fupi ya chuma, akaushusha mdomo wa bomba chini yake, mvuke ukapata njia ya kutoka kabla haujafika kwenye kioo. Vumilia aliandika yote, na kioo kile kilichoshindwa pia.

Wiki tatu baadaye Maduhu aliitwa aje kujaribu. Alikuja amekunja uso. Kidonge kikaingia, kifuniko kikafungwa, naye akainama akaweka jicho juu ya kioo. Watu wa mwalo walikusanyika. Hata Kalisti alisimama mbali kidogo, akinyoosha shingo aone.

"Vipi?" mtu aliuliza.

"Nyamaza, usinivuruge." Dakika zikapita. Halafu Maduhu akapiga paja. "Naiona! Inabadilika! Imeanza kuwa ya njano, hiyo hapo!"

"Sogea na sisi tuone!"

"Ya kwako utaiona siku yako!"

Walipofungua, dhahabu ilikuwepo yote, na chini ya maji ya beseni zebaki ilikuwa imetulia kama ushanga wa fedha. Maduhu aliitazama. "Hii yote nilikuwa naivuta?"

"Uliivuta wewe kidogo," alisema Scolastika. "Mimi nimeivuta ya kwenu wote."

Maduhu aliinamisha kichwa.

Kamati ya chuo iliusoma ukurasa uliochanwa kabla ya kurasa nyingine zote. Ilimpa Masele haki ya kutengeneza vyungu, na chuo kikawa kinapata sehemu ndogo kwa kila kimoja, ya kuendeleza utafiti mwingine. Masele alianza na vyungu sita tu. Maksai wake bado wanalima.

Siku Aneth alipoleta habari hizo, alimkalisha Vumilia karibu. "Nimesoma chuo kikuu miaka minne," alisema, "lakini darasa langu kubwa nimelipata kwenye karatasi uliyoficha. Ugunduzi ni kama mbegu. Ukiufungia stoo haumei, na ukiupanda kwenye udongo wa uongo hauoti. Vema zako zingemwacha fundi bila maksai na mama yako bila chungu. Makosa yako ya kweli ndiyo yaliyotuonyesha dirisha. Usione aibu kuandika kwamba jambo limeshindwa. Ona aibu kulificha."

"Nimeelewa, dada."

Daftari jipya lilikuwa mezani. Scolastika, ambaye siku hizi alikwenda kwenye zahanati kila mwezi, alilivuta kwake akachukua kalamu. Alianza kuandika: *Maduhu.* Herufi zilipanda na kushuka kama njia ya mbuzi.

"Mayu, nikuandikie mimi?" Vumilia aliuliza. "Itapendeza zaidi."

"Hapana, ng'wanone, mwanangu," mama alisema bila kuinua kichwa. "Waache wa chuoni waone mkono unavyotetemeka leo. Ili siku ukitulia, nao waamini."

Akaweka alama ya vema, imepinda, lakini ya kweli.