Kibao cha Chumba 214

Kituo cha treni cha Wheaton, huku ughaibuni, kina ngazi za umeme ndefu kama kwaresima. Gwakisa, kwa ubishi wake wa Kinyakyusa, alizipanda kwa miguu saa ya watu kutoka kazini, akafika juu anahema kama fahali.

"Unapumulia mabega, baba," sauti ya kike ilisema nyuma yake, kwa Kiswahili. "Pumulia tumbo."

Akageuka. Mzungu, koti la kijani, skafu nyekundu ya hariri, mvi amezifunga juu kama taji.

"Wewe ni daktari?"

"Mwimbaji. Mjerumani. Nilifundisha kwaya Moshi miaka minne. Sasa nafundisha sauti chuoni, hapa mjini."

Alipokitaja chuo, Gwakisa alicheka mpaka akaegemea ukuta. Miaka tisa alikuwa fundi wa milango na mabomba ya chuo hichohicho, huko chini ambako wakubwa hawashuki.

Mwimbaji huyo, Annegret Vogt, aliwahi kuimba opera kwao Leipzig, magauni ya mahameli, maua mpaka mlangoni. Sasa kila Alhamisi mchana alimlaza Gwakisa kwenye sakafu ya chumba chake cha kufundishia, kitabu juu ya tumbo, amfundishe kupumua.

"Kitabu hakipandi, mpenzi. Umelala?"

"Nakuangalia wewe. Kitapandaje?"

Tangu mkewe, Bupe, afariki, Gwakisa hakuwa ameimba hata kanisani. Bupe alipougua, madaktari walijua wiki mbili nzima kabla ya kumwambia mwenyewe. Ndiyo maana alimwomba Annegret jambo moja tu.

"Usinifiche kitu. Wakubwa wamenificha vya kutosha."

"Sikufichi," alisema, akambusu kwenye upara.

Mwezi Mei meneja akamkabidhi karatasi ya kazi. Chumba 214: ng'oa kibao cha jina, paka rangi.

Chumba cha Annegret.

"Mkataba wake haukuongezwa," meneja alisema bila kuinua uso. "Barua alipewa Januari. Kwani hukujua?"

Wakubwa ndivyo walivyo. Wanamfukuza mtu kwa karatasi, halafu wanakutuma wewe umfute. Gwakisa alifungua skrubu nne, kisha akapiga simu.

"Januari, Annegret? Ni Alhamisi ngapi hizo?"

"Niliona aibu. Kwako nilikuwa bado mwimbaji. Nilitaka nibaki hivyo siku chache zaidi."

"Na unakwenda wapi?"

"Leipzig. Jumamosi."

"Basi na wewe umekaa meza moja nao." Akakata.

Ijumaa jioni Annegret alipanda ngazi za jengo la Adelphi, koti lilelile, macho yamevimba. Mlangoni kwa Gwakisa akasimama ghafla. Jina lake yeye lilikuwa pale, kibao kilekile cha shaba, kimesuguliwa kinang'aa.

Gwakisa akafungua.

"Umeniibia jina," Annegret alisema, kicheko na machozi pamoja.

"Wao walilitupa. Mimi nimelipatia mlango."

"Umenisamehe?"

"Bado. Hata robo." Akamwekea bisibisi mkononi. "Skrubu ni zilezile nne. Ukitaka kwenda, fungua mwenyewe. Mimi nimeshatumwa mara moja, sitatumwa tena."

Annegret aliipima bisibisi kwenye kiganja. Akaitia mkobani, akafunga zipu.

"Chai ipo?"

"Imepoa."

"Utapasha."

Gwakisa akampisha, uso bado umenuna, mabega yakipanda na kushuka.

"Tumbo, baba," Annegret alinong'ona akipita. "Tumbo."