Utepe Mweusi kwenye Mizinga ya Cotterby

Maiti ya Roland Cotterby ilikutwa kanisani, kifudifudi, chini ya sanamu ya shujaa wa kale, Sir Godfrey Cotterby. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Kando yake palikuwa na kinara cha shaba, kimefutwa alama zote za vidole.

Kijiji chenyewe kinaitwa Cotterby. Mto, Cotterby, kilima, Cotterby, hata baa. Makaburini ndiyo usiseme! Ila wenye jina walikuwa wamebaki wawili tu, Roland na dada yake Lavinia.

"Mtunza kanisa kamkuta mvua ilipokatika, Afande," alisema Konstebo Lumley. "Hajamwambia mtu ila sisi."

"Na asimwambie yeyote," akasema Inspekta Hester Garrod. "Habari za msiba huu nitampelekea dada yake mimi mwenyewe."

Lavinia aliwapokea mlangoni kwake, nywele nyeupe zimechanwa vizuri.

"Roland? Kafa?" Alijishika kifua. "Mungu wangu!"

"Ulitoka nje usiku, Bi Lavinia?"

"Nitoke niende wapi na mvua ile?"

Garrod alikuwa akitazama bustanini, kwenye mizinga ya nyuki. Kila mzinga ulikuwa umefungwa utepe mweusi. Bibi yake Garrod alifuga nyuki: akifa mtu nyumbani, nyuki hupigiwa hodi wakaambiwa, na mzinga ukavishwa kitambaa cheusi. Wasipoambiwa, huhama au hufa.

Alikwenda akaushika utepe mmoja. Ulikuwa umelowa chepechepe.

"Nyuki wako wana msiba wa nani?"

"Si... si umeniambia sasa hivi?"

"Wewe nimekuambia sasa hivi. Wao waliambiwa na nani, mvua ingali inanyesha?"

Njia ya mwongo ni fupi. Lavinia alikaa kwenye ngazi.

"Watu unawadanganya," alisema. "Nyuki, thubutu!"

"Kwa nini, Bi Lavinia? Ndugu yako wa tumbo moja!"

"Alipeleka mifupa ya Sir Godfrey maabara, ikalinganishwa na damu yake mwenyewe. Hatuhusiani hata chembe! Babu yetu wa kale alikuwa mtu baki, alijitwalia jina wenyewe walipokwisha kwa tauni. Na leo Roland angewatangazia wote ibadani. Alicheka, Inspekta! Ati sasa tutapumua."

"Na wewe ukashika kinara."

"Nilikuwa na mchumba." Machozi yalimtoka. "Nilimpenda, Mungu anajua. Nikamkataa, kwa sababu ningeolewa, jina lingenitoka. Nimezeeka peke yangu kwa ajili ya jina hili, halafu Roland anasema halikuwa letu?"

Garrod alimhurumia, lakini pingu alizitoa. Akamwonya kwamba kila atakalosema litaandikwa. Lumley alishika kalamu.

"Jina kamili, Bibi?"

"Lavinia."

"Lavinia nani?"

Lumley akangoja, kalamu mkononi. Kule bustanini nyuki walikuwa wameanza kutoka, na bibi yule bado hajajibu.