Kamba ya Mita Ishirini na Nne

Katika ufuo wote wa Usenge hakuna anayenishinda kwa hesabu. Ni kweli darasa la nne nililisoma mara mbili, lakini hiyo ni kwa sababu mwalimu alinipenda.

Mjukuu wangu Frankline naye alisifiwa. Mwalimu Waliaula akiuliza, "Sita mara sita?" yeye ndiye wa kwanza kupaza sauti. Siri yake ilikuwa daftari la dada yake la mwaka jana: maswali yaleyale, majibu yaleyale.

Kisha mwalimu akaenda semina. Akarudi na ugonjwa mpya wa kuuliza "Kwa nini?"

"Una kamba ya mita ishirini na nne," akawaambia darasani. "Zungushia mahali pa kuanikia omena, bata wasiingie. Utaizungusha vipi kwa umbo la pande nne ili upate nafasi kubwa kabisa? Na umejuaje? Atakayeeleza vizuri ataenda mashindano ya hesabu Kisumu."

Frankline alipekua daftari la dada mpaka jalada la nyuma. Hakuna kitu. Jioni akanijia nikigeuza omena, wale dagaa wa ziwa letu, juani.

"Dani," akaniita, kama tuitavyo bibi huku kwetu, "nisaidie. Nataka kwenda Kisumu."

"Soma swali."

Akasoma. Nikamwambia asome polepole. Akasoma polepole. Tukabaki kutazamana kama kuku wawili walionyeshewa.

Kesho yake alinakili jibu la Naswa, jirani yake wa dawati: mraba, mita sita kila upande.

"Umejuaje?" mwalimu akauliza.

"Tulipima na Dani, kwa kamba."

Jumamosi mwalimu akaja kununua omena, Frankline akiwa ubavuni pangu.

"Mama, nasikia mlipima kwa kamba."

Ningefanya nini? Damu yangu hiyo. "Tulipima mpaka mgongo ukauma."

"Kamba ya rangi gani?"

"Nyekundu," nikasema.

"Bluu," akasema Frankline, wakati huohuo.

Mwalimu hakucheka. Frankline machozi yakamtoka. "Sikujua pa kuanzia, mwalimu. Nilinakili kwa Naswa."

"Basi Kisumu ataenda Naswa. Ungeniambia hujui, ningekuonyesha pa kuanzia. Ukinidanganya, nami sijui nikufunze nini. Haya, leta kamba, ya rangi yoyote."

Wakapima mita ishirini na nne, wakachomeka vijiti. Kumi kwa mbili, eneo likawa mita za mraba ishirini. Nane kwa nne, thelathini na mbili. Sita kwa sita, thelathini na sita.

"Mwalimu!" Frankline akaruka. "Pande zikizidi kukaribiana urefu, nafasi inaongezeka!"

"Hilo sasa ni lako mwenyewe. Halinakiliki." Akanigeukia. "Na wewe Mama, umeelewa?"

"Kabisa! Hata kabla yenu."

"Vizuri. Basi nieleze ulivyoelewa."

Kikohozi kikanishika ghafla.

"Pole sana, Mama," akasema, akiketi juu ya karai lililopinduliwa. "Nitangoja kiishe."