Aliyemsuka Britta

Nywele za Britta zilikuwa zimesukwa. Ni jambo dogo, lakini Verlyn alisimama mlangoni mwa jikoni na kikombe cha kahawa mkononi, akizitazama. Mkewe Corliss hajui kusuka. Miaka sita ya kumlea binti yao, alichoweza ni kuzibana tu kwa kibanio.

"Nani kakusuka, mama?"

"Nell."

"Nell gani?"

"Nell wa mama. Huwa anakuja mama akienda." Britta akaendelea kutafuna mkate wake, hana habari.

Huku kwetu Duluth, mji wa baridi kali Marekani, mtu akiona la ajabu husema "si mbaya," akatoka kuzoa theluji. Verlyn naye akajikausha. Lakini mambo yakazidi. Bafuni kukanukia sabuni ya lavenda ambayo hakuna aliyeinunua, chumba cha kufulia kukasikika wimbo kwa sauti nyembamba kuliko ya Corliss, na Verlyn alipouliza, "Umelalaje, mpenzi?" akajibiwa, "Tumelala vizuri," kisha Corliss akaziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka, akakiri huku akilia kwamba haikumbuki asubuhi hiyo, wala jana yake, wala hata siku aliyomzaa Britta.

Dokta wa akili waliyemwendea alimweleza Verlyn waziwazi.

"Huyo si mgeni, ni sehemu ya mkeo. Aliumizwa mno utotoni, akajigawa ili aishi. Nell amebeba yanayomshinda Corliss. Mkaribishe, zungumza naye. Ukimfukuza, ataondoka na yote aliyoyabeba, mazuri na mabaya."

"Sawa, asante sana," Verlyn alijibu kwa adabu, na hakusikia hata neno. Kwake jini ni jini, hata likisuka vizuri. Jumapili baada ya ibada akamwita shangazi yake Ardis, mwombeaji wa kanisa lao, aliyefika na bakuli la viazi vya kuoka, maana kwetu hata pepo hatolewi mikono mitupu.

Wakamketisha Corliss sebuleni, mchana kweupe. Ardis akamshika kichwa.

"Jina lako nani?"

"Nell." Ilikuwa ile sauti nyembamba ya chumba cha kufulia.

"Toka, mwachie mwenyewe mwili wake."

"Shangazi, Britta nimemzaa mimi. Corliss aliogopa, nikaja. Nimemnyonyesha mimi, homa zake nimekesha nazo mimi. Basi niacheni nimuage mtoto."

"Usimsikilize," Ardis akamnong'oneza Verlyn. "Wanajua kubembeleza hawa."

Verlyn akautazama mlango wa chumba cha mtoto. Hatua saba tu, wala hakuzipiga. Verlyn ni jirani yangu na ninampenda, lakini hilo sitamsamehe.

"Nenda, Nell," akasema.

Mwili ukalegea. Harufu ya lavenda ikakatika ghafla, nyumba ikanuka viazi. Corliss alipofumbua macho alikuwa ametulia kuliko Verlyn alivyowahi kumwona.

"Nimelala vizuri," alisema.

Verlyn akalia kwa furaha, akamwita Britta. Mtoto akaja mbio, akamrukia mama yake mapajani. Corliss akamtengenezea kola kwa upole, kama tunavyowafanyia watoto wa wenzetu kanisani.

"Mzuri huyu," alisema. "Mama yako anakuja kukuchukua saa ngapi?"